Ukuta Haubishiwi Hodi

Kwa miaka yote niliamini kwamba mama yangu hajawahi kunitazama nikiogelea, na jambo hilo lilinikera kuliko mkono wangu. Mkono niliuzoea. Nilizaliwa nao hivi, wa kushoto umeishia chini kidogo ya kiwiko. Hapakuwa na ajali wala mamba, ingawa utotoni niliwaambia watoto wageni kwamba ni mamba, na kwamba mimi nilimng'oa jino. Waliamini. Wengine mpaka leo wananipisha njiani.

Kwetu ni Kibirizi, pale mitumbwi ya dagaa inaposhusha. Mama anauza dagaa, na mtaa mzima unajua kwamba hasira zangu za karibu na mdomo wangu mrefu nimevirithi kwake. Ila katika habari ya mkono yeye alikuwa bubu. Hakuwahi kuuita mkono. Aliuita "upande ule". "Funika upande ule." "Upande ule umepata jua." Kila gauni langu lilishonwa mikono mirefu, na fundi wetu wa Ujiji alijua kwamba wa kushoto unakunjwa na kushikizwa kwa pini. Joto la Kigoma nalijua kuliko wenzangu wote, kwa sababu nimelijulia ndani ya mikono mirefu.

Hata ziwani niliingia na mikono mirefu. Sisi watoto wa ufukweni tulikuwa na desturi ya kuilaki mitumbwi asubuhi ikirudi kuvua. Inakuja imeshiba, ubao wake umebaki kidogo tu juu ya maji. Mkiuona mmoja mnajitosa na kushindana, na wa kwanza kuugusa anapewa dagaa wa kitoweo, kiganja kimoja cha mvuvi, ambacho kwa mtoto ni bakuli zima. Lakini sheria ipo. Mtumbwi uliojaa ukiuparamia na kasi yako yote unayumba, maji yanaingia, dagaa wanarudi walikotoka, na wewe unakula kafi ya mgongo. Kwa hiyo ukikaribia unapunguza. Unalegeza mabega, unaacha maji yakusogeze, halafu unagusa ubao kwa kiganja, polepole, ndiyo upewe chako. Tuliita kubisha hodi.

Mama alinikazania sheria hiyo kuliko mama yeyote pale ufukweni, maana dagaa wa mitumbwi ile ndio waliotulisha. "Mtumbwi haupigwi," alikuwa ananiambia huku akinifunga pini. "Mtumbwi unabishiwa hodi. Na kwa kiganja."

Basi kiganja nilikuwa nacho kimoja. Ikitokea nafika mtumbwini zamu ni ya upande ule, nilisubiri kidogo mpaka wa kulia uzunguke. Hata hivyo niliwashinda. Wavulana wenye mikono yao miwili, na maneno yao mengi, walifika nikiwa nimeshapewa dagaa naning'iniza miguu. Walisema naelea kwa sababu ya gauni. Nikawaambia wavae na wao.

Kila nilipofika nilifanya jambo moja: niligeuka kuangalia ufukweni kama mama ameniona. Nilimkuta amenipa mgongo. Kila mara. Ameinamia chanja, anageuza dagaa, kanga yake imefungwa kiunoni, na mgongo wote umeelekea ziwa. Nikitoka majini nilimuuliza, "Mama, umeniona?" Anajibu, "Dagaa watajigeuza wenyewe?" Nilikasirika mtoto mimi! Wenzangu mama zao walikuwa wanapiga vigelegele hata mtoto akishindwa. Nikahitimisha kwamba ananionea aibu, na nikiwa binti mkubwa nilimwambia hivyo hivyo machoni. Alininyang'anya ungo, akaenda kupepeta upande wa pili.

Kocha wangu alinipata kwenye mashindano ya shule za watu wenye ulemavu. Ni mwanamke wa Tanga, anasema kwa madaha hata akiwa amekasirika, na akikasirika sana ndiyo anazidi kuwa na adabu. Aliniona nikiogelea, akanifuata na taulo, akasema, "Mwanangu, hilo gauni unaogelea nalo ni adhabu ya nani?" Miezi michache baadaye nilikuwa kambini Dar es Salaam, ndani ya vazi la kuogelea lisilo na mikono kabisa, mabega nje. Siku ya kwanza nilijiona niko uchi. Siku ya pili nikaona upepo unapita mahali ambapo haujawahi kupita, nikasema kumbe!

Bwawa lenyewe lilinichekesha. Maji yananukia dawa, chini kuna vigae kama sebuleni, na samaki hakuna hata mmoja. Nyumbani ukizamisha macho unaona buluu mpaka mawazo yanakwisha. Pale unaona mstari mweusi wa kukuongoza, utafikiri mtu anaweza kupotea kwenye sanduku. Niliupenda ule mstari, siku hizi nausema vibaya kwa mazoea tu.

Shida ilikuwa ukuta. Nilikuwa na kasi, kocha aliiona na saa yake iliiona. Lakini nikikaribia ukuta, kabla sijafika, mabega yalilegea yenyewe. Nilipunguza, nikasubiri kiganja cha kulia kizunguke, nikaugusa ukuta kwa adabu zote. Wenzangu waliokuwa nyuma yangu walinipita pale pale mlangoni. Kocha alijaribu kila njia. Alinieleza, alinionyesha picha, alisimama ukutani anapiga makofi. "Mwanangu mpenzi," alisema siku moja, na hapo nikajua amewaka, "ukuta huu una mgonjwa ndani? Kwa nini unauingia kwa kunyata? Na ukifika zamu ya mkono mfupi, gusa kwa huo huo. Saa haiulizi vidole."

Nilimwambia habari za mitumbwi. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema basi sahau mitumbwi. Kusahau! Kitu umefundishwa na mama kabla hujaota meno ya ukubwani, unakisahau vipi? Kichwa kilielewa. Mabega ndiyo yaligoma.

Pamoja na hodi zangu, nilipata nafasi ya kwenda kwenye michezo ya kimataifa. Mita hamsini, mtindo huru, wanawake wa daraja letu. Nilirudi Kigoma kuaga. Mama alinifungashia dagaa wa kukaanga na kichupa cha mawese ya Mwandiga, akakizungushia mifuko mingi utafikiri anakizika. Mlangoni nikamuuliza, kwa utani, ili akikataa iwe utani.

"Vijana wa kibanda umiza wamesema watanionyesha kwenye runinga yao. Utakwenda kuniangalia?"

"Nina dagaa wa kuanika," akasema.

"Mama, siku moja tu. Dagaa hawawezi kukaa siku moja?"

"Mvua ikinyesha utawalipa wewe?" Halafu akatazama bega langu. Nilikuwa nimevaa fulana. "Na huko utavaa vile vile, upande ule nje, dunia nzima inaona?"

"Vile vile."

Akakaza fundo la mfuko wa dagaa. Nikaingia kwenye bajaji na hasira zangu. Nasema ukweli: medali sikuiwaza sana, waliokuwa wananizidi nilikuwa nawajua. Kitu nilichokitaka kwenye safari ile ni kwamba mama yangu, mara moja tu katika maisha yake, akae anitazame nikiogelea mpaka mwisho bila kunipa mgongo.

Huko tulikokwenda kulikuwa na baridi na mpangilio. Kila mahali kuna mshale. Niligawiwa chumba na mrusha tufe wetu kutoka Singida, mwanamke wa kiti cha magurudumu mwenye mabega ya kubeba nyumba. Nilipofungua mfuko wa mama alisema kwamba yeye au dagaa, mmoja atalala nje. Kesho yake nikamkuta anakula na wali, mafuta ya mawese mpaka kidevuni, anasema anaonja tu kama wameharibika.

Kabla ya kushindana tulipimwa ili kila mtu awekwe daraja lake. Walikaa watu wenye koti jeupe na futi ya kitambaa, wakashika mkono wangu wa kushoto, wakaukunja, wakaunyoosha, wakaniambia sukuma, vuta. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyeangalia pembeni. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, maana katika maisha yangu yote sikuwahi kuona watu wazima wanauzungumzia mkono ule kama wanavyozungumzia mkono. Nilitoka pale natembea kwa madaha ya kocha.

Asubuhi ya mchujo mabega yalikuwa mepesi. Tuliruka. Katikati ya bwawa nilikuwa mbele ya wengi, nilijua kwa povu. Chini nikaona ile alama inayokwambia ukuta umekaribia, na hapo, yarabi, mabega yakalegea. Nikasubiri kiganja. Nikabisha hodi. Nilipoinua kichwa nikawakuta wenzangu wameshafika, mmoja anavua miwani, mwingine anapungia watu. Nilitamani kuzama pale pale kwenye vigae. Nilikaa na taulo kichwani tukisubiri kundi la mwisho, kocha ameniwekea mkono begani, adabu zimemzidi mpaka hasemi kitu. Majina ya fainali yakatoka. Nilikuwa wa mwisho, lakini nilikuwemo.

"Mungu ana subira na wewe," kocha akasema. "Mimi yangu imeisha."

Mchana simu yangu ikaita. Mama. Mama huwa hapigi simu, anabipu, anasubiri upige. Nikajua kuna msiba.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Nilikuwa nakwenda kununua chumvi."

"Chumvi?"

"Ego, chumvi. Nikapita pale kwa wale vijana wa runinga. Nikasimama nje kidogo, bati lao lina tundu."

Nilikaa kitandani. Mrusha tufe alikuwa anatafuna dagaa, akaacha kutafuna.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona. Mbona umepunguza?" Sauti yake ikapanda ghafla, ile sauti anayowafokea kunguru wanapotua kwenye chanja. "Ulikuwa umewaacha! Umewaacha kabisa, umefika pale umelegeza bega, unangoja kiganja, kama unafika kwenye mtumbwi! Tangu mdogo ndiyo mtindo wako, bega la kulia linashuka kwanza, halafu unapinda shingo. Nimepiga kelele mpaka wenye banda wametoka kuangalia nani anapigwa."

Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Bega la kulia linashuka kwanza, napinda shingo. Hata kocha hakuwahi kuniambia habari ya shingo.

"Mama," nikasema, "hayo ya tangu mdogo umeyajuaje? Wewe ulikuwa unanipa mgongo."

Nikasikia injini ya boti kwa nyuma, na mtu anauliza bei ya sado ya dagaa.

"Nani alikwambia nilikuwa naangalia dagaa?" akasema.

"Kila nikigeuka nakuta mgongo!"

"Ukigeuka, ndiyo. Ukigeuka ndipo na mimi nageuka." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nakutazama kuanzia unaingia mpaka unafika, moyo uko hapa kooni. Mtoto wangu na upande mmoja, katikati ya ziwa! Ungeniona uso ule nawe ungeogopa, na ukiogopa majini umekwisha. Nikaona bora uone mgongo. Mgongo hauna uso."

Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Nilitaka kumwambia mengi, kwamba nimebeba hasira bure, kwamba angesema. Nikasema, "Ungeniambia, mama." Na yeye, kwa kuwa ni mama yangu, akasema, "Na wewe ungenyamaza nikapata nafasi?"

Mrusha tufe alicheka kwa sauti, kumbe anasikia yote.

"Sasa sikiliza," mama akaendelea. "Mimi ndiye niliyekwambia mtumbwi haupigwi. Ni mimi?"

"Ni wewe."

"Basi ni mimi nakwambia sasa. Ule ni ukuta. Ukuta hauna dagaa, ukuta hauzami. Ukuta haubishiwi hodi. Ukifika, upige. Upige kwa chochote kilicho mbele. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Jioni nakaa ndani, kiti cha mbele. Nimeshawaambia wale vijana wanitolee wale wavuta sigara." Akakata, maana salio lilikuwa lake.

Fainali nilipewa njia ya pembeni kabisa, kama anavyopewa aliyeingia wa mwisho. Watu walikuwa wengi mpaka juu darini, na mimi nikasimama mbele yao shingo wazi, mabega wazi, mkono mfupi wazi. Kamera ikapita mbele ya kila mmoja wetu. Ilipofika kwangu nilikuwa nimepanga kupunga mkono wa kulia. Nikainua wa kushoto. Sijui ni nini kiliniingia, nikaupunga, nikijua upo mbele ya macho ya Kibirizi yote na kwamba katika kiti cha mbele kuna mtu aliyeufunga pini kwa miaka.

Filimbi, kimya, mlio. Nikajitosa.

Mita hamsini haina hadithi ndefu. Unapiga maji, unavuta pumzi ukiikumbuka, unapiga maji. Maji yalikuwa baridi na mimi nilikuwa moto. Katikati sikujua niko wapi, povu lilikuwa kila upande. Kisha chini nikaiona ile alama. Na bega la kulia likaanza kushuka. Nililihisi kabisa, safari hii nililijua, kwa kuwa nilikuwa nimetajiwa. Na zamu iliyokuwa inakuja ilikuwa ya kushoto. Hakuna kiganja. Kiganja kilikuwa nyuma, kinavuta.

"Upige!" Nilisikia kunguru wakifukuzwa.

Niliurusha mkono wa kushoto mbele na bega zima nyuma yake. Uligonga ukuta kwa kishindo, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno, na mimi nikapiga ukelele majini nikanywa dawa yao ya bwawa. Nilipoinua kichwa, kwa mara ya kwanza nilikuta wenzangu wengine bado wanafika.

Nikawa wa tano. Wa tano, mwenzangu! Hakuna anayepewa chochote kwa nafasi ya tano, hata leso, lakini kocha aliruka mpaka kiatu kikamvuka, akasahau madaha yote, akanikumbatia na nguo zake kavu. "Saa sijaiamini," alikuwa anasema, "imebidi niitikise." Ilikuwa kasi ambayo sijawahi kuifikia kokote.

Nilimpigia mama kabla sijajifuta. Simu ilipokelewa na kelele: vigelegele, mabati yanagongwa, mtu anaimba. Nikasema haloo mara nyingi. Mwisho nikamsikia, karibu sana, kama ameingiza simu ndani ya kanga.

"Umeupiga," akasema.

"Nimeupiga, mama."

"Kwa ule."

"Upande ule," nikasema, nikicheka.

"Oya," mama akanikatalia kwa Kiha. "Mkono. Umepiga kwa mkono wako wa kushoto, nimeuona." Na mama yangu, ambaye hajawahi kulia mbele yangu hata siku moja, akalia kwenye simu na mtaa mzima ukimsikiliza.

Nilirudi Kigoma na alama ya buluu kwenye ncha ya mkono. Mama alinipokea kwa kunikagua. Aliupandisha mkono wa fulana mbele ya watu wote waliokuja kunilaki, akaitazama ile alama, akaipaka mawese, akauliza kama ukuta wenyewe ulipona.

Asubuhi yake niliteremka ufukweni. Mitumbwi ilikuwa inarudi, na watoto wa sasa walishaanza kujitosa. Nilikuwa nimevaa vazi langu la kuogelea na kanga juu. Mama akaacha chanja. Akachukua beseni, akaligeuza, akalikalia, uso wake umeelekea ziwa.

"Haya," akasema. "Ingia nione."

"Na dagaa?"

"Ingia, mdomo huo."

Nikampa kanga yangu nikaingia. Maji ya kwetu hayanuki dawa. Niliwapita watoto wote, sina aibu na hilo, na nilipoukaribia mtumbwi wa kwanza, umejaa mpaka karibu na ukingo, nikalegeza mabega, nikaacha maji yanisogeze, nikabisha hodi. Kwa kushoto. Mvuvi akanitazama, akacheka, akanijazia kiganja.

Kisha nikageuka kuangalia ufukweni, kama zamani. Mama alikuwa pale pale juu ya beseni, hakunipa mgongo. Alikuwa ameziba uso kwa kanga yangu, kwa woga, jicho moja tu nje, linanitazama.